Mlango wa Sulhu ni Kukiri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Amma baad. Ndugu wasomaji, katika darsa zetu za baina ya Magharibi na Isha tumekuwa tukisoma mlango wa sulhu katika vitabu vya fikihi. Aghlabu ya wanafunzi huudhani mlango huu kuwa ni wa mambo ya mali tu: watu wawili wameshindania ukuta au njia ya maji, wakapatanishwa, kila mmoja akaenda zake. Lakini usiku mmoja kijana mmoja, fundi seremala, aliinua mkono akauliza: "Sheikh, na watu wa dini mbili waliokwisha kuuana, nao wana sulhu? Na kama wanayo, huanzia wapi?" Swali hili lilitushughulisha siku nyingi, na makala haya ndiyo jawabu yake.

Nitaitaja jawabu yangu kwa ufupi kabla ya kuieleza, ili msomaji ajue twaelekea wapi. Sulhu baina ya watu wa dini mbili yawezekana, na katika dini yetu ina asili iliyo thabiti. Walakini haianzi kwa kusahau yaliyopita, wala kwa kusema kwamba dini zote ni moja, wala kwa kungoja upande wa pili uombe radhi kwanza. Huanza siku ile watu wa upande mmoja wasimamapo mbele ya kadamnasi wakalitaja kosa la watu wao wenyewe. Huo ndio mlango. Asiyepita hapo, hata akikaa katika mikutano mia moja ya amani akala na kunywa, bado yuko nje.

Sulhu si nini

Kwanza, kunyamaza si sulhu. Watu waweza kukaa mtaa mmoja miaka kumi, wasirushiane hata jiwe, na kila mmoja akalala na panga chini ya kitanda. Huko ni kungojeana tu. Siku itokeapo khabari mbaya, iwe ya kweli au ya uwongo, panga zile hutoka.

Pili, sulhu si kuchanganya dini. Mwislamu hatakiwi kuacha hata chembe moja ya itikadi yake ili apatane na jirani yake Mkristo, wala haifai kwake kumtaka Mkristo aache yake kabla ya kumtendea haki. Mtume wetu (S.A.W.) alifanya mkataba na makafiri wa Makka pale Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, na mjumbe wao Suhail bin Amr akakataa hata kuandikwa kwamba Muhammad ni Mtume wa Mungu. Mtume akakubali neno lile lifutwe katika karatasi. Je, Utume wake ulipungua? Hapana. Lililofutwa lilikuwa ni wino, na damu za watu zikahifadhika.

Tatu, sulhu si kuiacha haki. Aliyeuliwa mwanawe ana haki, na aliyechomewa duka ana haki. Anayewaambia watu wasameheane ilhali hataki hata kusikia waliloteswa, huyo hapatanishi. Anataka kupumzika na kelele za wanaolia.

Mpangilio wa aya

Wako watu waliozoea kuitaja Sura ya Al-Hujurat, ambayo yaamrisha kupatanisha makundi mawili ya waumini yapiganapo. Wakashika hapo wakasema kwamba sulhu ni ya Waislamu kwa Waislamu tu. Lakini tazameni Sura ya An-Nisaa, aya ya 114. Hapo Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba minong'ono mingi ya watu haina kheri, ila ya yule anayeamrisha sadaka, au jambo jema, au kupatanisha baina ya watu. Na waliotajwa hapo ni watu kwa jumla.

Sasa zitazameni aya zilizotangulia hiyo, tangu aya ya 105. Wafasiri wamepokea kwamba sababu ya kuteremka kwake ni kisa cha mtu mmoja katika Madina, akiitwa Tu'ma bin Ubayriq, aliyehesabiwa katika Waislamu. Mtu huyu aliiba deraa, yaani vazi la chuma la vita, kisha akaiweka kwa Myahudi mmoja. Ilipotafutwa ikaonekana kwa Myahudi yule. Jamaa za Tu'ma wakakutana usiku, wakashauriana, wakaenda kumtetea mtu wao na kumtupia Myahudi lawama. Walijua lililo kweli. Walakini walisema nafsini mwao: huyu ni wetu, na yule si wetu. Hapo ndipo aya zikateremka kumtoa lawamani yule Myahudi, na kuwakemea wale waliomtetea khaini kwa kuwa ni jamaa yao.

Ndugu msomaji, zingatia. Aya ya kupatanisha watu imekuja baada tu ya aya za kuwakemea watu waliolificha kosa la mwenzao na kulibandika juu ya mtu wa dini nyingine. Nami nimeufahamu mpangilio huu kuwa una mafunzo: kwanza ondoa uwongo katika nyumba yako, kisha nenda ukapatanishe. Na katika Sura hiyo hiyo, aya ya 135, tumekwisha kuamrishwa kusimama na uadilifu na kutoa ushahidi hata juu ya nafsi zetu, na wazazi wetu, na jamaa zetu.

Tena yupo Khalid bin al-Walid, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Baada ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8, alitumwa kwa watu wa Banu Jadhima. Watu wale walitaka kusema kwamba wamesilimu, wasijue kulitamka neno linalojulikana, wakasema jingine. Khalid akawaua baadhi yao na kuwafunga wengine. Khabari ilipomfikia Mtume, hakusema kwamba Khalid ni shujaa wetu na tumfunikie. Aliinua mikono yake mbinguni akajitenga mbele ya Mola wake na lile alilolifanya Khalid. Na imepokewa katika vitabu vya sira kwamba alimtuma Ali kwenda na mali, akawalipa fidia ya damu na ya vyombo vyao, hata bakuli la kunyweshea mbwa likalipiwa, kisha mali iliyobaki akawaachia. Yeye ni Mtume, na jeshi ni lake, na ushindi ni wake. Hakuna mtu aliyeweza kumlazimisha. Alilipa kwa kuwa haki ni haki.

Kisa cha Kaduna

Sasa na tuwatazame watu wa zama zetu, ili asiseme mtu kwamba mambo haya yalikuwa ya Mitume tu. Kaduna ni mji mkubwa katika kaskazini ya Nigeria. Waislamu na Wakristo waishi humo kwa wingi, na mto umeupasua mji vipande viwili. Mwaka wa 1992, katika mji mdogo wa Zangon Kataf ulio kusini ya jimbo hilo, ilitokea ugomvi juu ya kuhamishwa soko. Wafanyabiashara wa Kihausa wengi wao walikuwa Waislamu, na wenyeji wa kabila la Atyap wengi wao walikuwa Wakristo. Nyuma ya soko yalikuwapo mambo ya zamani: ardhi, utawala wa machifu, na nani mwenyeji na nani mgeni. Lakini ugomvi ulipowaka ulivaa nguo ya dini, ukafika mpaka Kaduna mjini, na watu kwa mamia wakauawa.

Katika vita vile walikuwapo vijana wawili. Mmoja ni Muhammad Ashafa, wa ukoo wa maimamu, kiongozi wa vijana wa Kiislamu. Wa pili ni James Wuye, mchungaji, kiongozi wa vijana wa Kikristo. Kila mmoja aliwakusanya vijana wake na kuwatia moto wa kupigana. Ashafa aliuliwa mwalimu wake, sheikh mzee, na binamu zake wawili. Wuye alipoteza mkono wake wa kulia. Na kila mmoja alikaa miaka mitatu akimtafutia mwenziwe njia ya kumwangamiza.

Mwaka wa 1995 walikutanishwa katika mkutano mmoja uliokuwa wa mambo ya afya ya watoto. Mwandishi wa magazeti aliyewajua wote wawili alizishika mikono yao akaiunganisha, akawaambia kwamba wao wana uwezo wa kuujenga mji au kuuvunja. Walipeana mikono, lakini nyoyo hazikupeana. Kilichomgeuza Ashafa ni khutba ya Ijumaa. Khatibu alieleza jinsi Mtume alivyopigwa mawe na watu wa Ta'if mpaka akatoka damu, kisha asiwaapize bali akawaombea uwongofu. Ashafa alijiona kwamba anasomwa yeye. Akenda kwa Wuye. Na mama yake Wuye alipougua, Ashafa alikwenda kumzuru hospitalini pamoja na Waislamu wenziwe.

Wuye hakugeuka siku moja. Mwenyewe amesimulia mbele za watu kwamba katika safari zao za mwanzo walilazwa chumba kimoja, na nafsi yake ikamshauri amzibe pumzi imamu yule kwa mto akiwa usingizini. Mpaka mwenziwe katika wachungaji alipomwambia kwamba mtu hawezi kuhubiri dini yake na moyoni amejaa chuki. Hapo ndipo alipoanza kuisafisha nafsi yake.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu wengi katika sisi wadhani kupatana ni jambo la saa moja: picha hupigwa, mikono hushikwa, gazeti huandika. Hawa wawili wamekiri kwamba iliwachukua miaka. Walianzisha jumuiya ya kupatanisha watu wa dini zote mbili, na mwaka wa 1999 wakaandika kitabu kwa pamoja.

Wala kazi yao haikuimaliza fitina. Mwezi wa Februari mwaka wa 2000, ilipozuka khabari ya kutia sheria ya Kiislamu katika jimbo, Kaduna iliwaka tena na watu wasiopungua elfu moja wakafa. Baada ya hapo Waislamu wengi walihamia kaskazini ya mto na Wakristo wengi kusini, mji ukawa kama miji miwili. Mwezi wa Agosti 2002 viongozi wa dini zote mbili wakatia sahihi tangazo la amani. Na mwezi wa Novemba mwaka huo huo, kwa sababu ya makala ya gazeti iliyomvunjia heshima Mtume wetu katika khabari za mashindano ya warembo, watu wapatao 250 wakauawa. Mtu atauliza: basi faida iko wapi? Faida ni kwamba kila baada ya moto walikuwapo watu wawili wa kurudi pale pale, wajulikanao na pande zote, ambao hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba hawayajui machungu ya vita. Mganga haachi uganga kwa kuwa homa imerudi.

Mwaka wa 2004, katika mji wa Yelwa, jimbo la Plateau, mwezi wa Februari waliuawa Wakristo kwa makumi, na wengine wao walikuwa katika kanisa; na mwezi wa Mei wakauawa Waislamu kwa mamia. Ashafa na Wuye wakaenda. Wakawakusanya wazee na vijana na wanawake wa pande mbili. Siku za mwanzo zilikuwa za vilio na lawama, nao hawakuwanyamazisha. Kisha wakawataka waorodheshe sababu za ugomvi, kubwa na ndogo. Katika hizo yalitokea majina ya dharau ambayo kila upande uliwaita wenzao kila siku sokoni. Katika maafikiano yaliyotangazwa hadharani mwaka wa 2005, kila upande ulilaumu yaliyofanywa, ukaomba msamaha, na kuahidi kuyaacha majina yale.

Na sisi Wakenya tusiwaone watu hawa kuwa wako mbali. Baada ya fitina ya uchaguzi ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, iliyoua watu zaidi ya 1,100 katika nchi yetu, walikuja mpaka Burnt Forest karibu na Eldoret, wakawakalisha Wakikuyu na Wakalenjin. Ugomvi ule haukuwa wa dini, lakini mlango walioupitia ulikuwa ule ule.

Maswali mawili

Swali la kwanza: Je, kukiri kosa letu si kuwapa maadui silaha?

Jawabu: Silaha wanayo tayari, nayo ni ule uficho wetu. Mtu aliyechomewa nyumba anajua nani aliyemchomea. Tukikaa kimya, yeye haelewi kwamba hatukulitenda. Aelewa kwamba tumeliridhia. Na mtu akidhani kwamba heshima ya Uislamu yahifadhika kwa uwongo, basi hajaijua heshima yenyewe. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 8, tumekatazwa chuki ya watu isitupeleke katika kukosa uadilifu. Na uadilifu umetajwa kuwa ndio ulio karibu zaidi na uchaji Mungu.

Swali la pili: Na wao mbona hawakiri yao? Vijana wetu wamechukuliwa usiku wasionekane tena. Masheikh wamepigwa risasi. Kila mwenye kanzu na ndevu huitwa gaidi. Kwa nini tuanze sisi?

Jawabu: Hayo yametokea, na kuyadai ni haki yetu, wala sulhu haituamrishi tuyanyamazie. Lakini dhulma ya askari haikufanywa na jirani muuza mboga, wala na watoto wa shule ya Jumapili. Atakayelipa kisasi kwa asiyekuwa na kosa ameongeza dhulma ya pili, na ya kwanza iko pale pale. Ama kusema kwamba waanze wao, hilo nao walisema vile vile; na kila upande ukingoja wa pili, Kiyama kitasimama na watu wamekaa. Wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Muumini ametakiwa awe kinyume cha nyani huyo.

Deni langu mimi

Sasa nina jambo la kusema ambalo limenikaa kifuani miaka mingi, nami sioni haya kulisema, kwani ningekuwa mnafiki kuwafundisha watu kukiri na mwenyewe nikajificha.

Siku ya Jumatatu, tarehe 27 Agosti 2012, Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi katika gari lake Mombasa. Vijana walitoka njiani kwa hasira, na makanisa yakashambuliwa. Mtaani kwetu palikuwa na kanisa dogo la mabati. Lilipigwa mawe, milango ikavunjwa, na mabenchi yakachomwa moto. Baadhi ya waliofanya hivyo niliwafundisha Juzuu Amma mimi mwenyewe.

Ijumaa ile nilipanda mimbari. Khutba yangu ilikuwa juu ya dhulma wanayofanyiwa Waislamu, na kila neno nililolisema lilikuwa la kweli. Lakini juu ya kanisa lile sikusema hata neno moja. Nilijidanganya kwamba ndiyo hekima. Waama ilikuwa ni khofu. Niliwaogopa vijana, nisije nikaambiwa nimenunuliwa.

Alikuwapo mama mmoja wa Kikristo, mtu wa makamo, auzaye viazi na vitunguu karibu na msikiti. Alikuwa akinisalimu kila asubuhi. Baada ya Ijumaa ile salamu zake zikakatika. Mimi nilipita, naye aliinama kwenye viazi vyake. Ilikuwa hivyo kwa muda wa miaka miwili. Mwaka wa 2014, waumini sita waliposhambuliwa na kuuawa katika kanisa moja Likoni, nilishindwa kustahamili. Nikamwendea nikamwambia, "Mama, nimekuja kukupa pole." Akaniangalia, kisha akasema: "Ustadhi, yale mawe ya kwetu hayakuniuma sana, kwani walikuwa ni watoto. Lakini Ijumaa ile spika ya msikiti ilisikika mpaka hapa. Nilikaa nikasikiza mpaka mwisho. Nilikungoja."

Wallahi sikuwa na jawabu. Aya ya ushahidi juu ya nafsi zetu naijua tangu nikiwa mdogo, na tafsiri yake nimeisomesha. Na mama muuza viazi ndiye aliyeijua maana yake.

Ijumaa iliyofuata nililitaja kosa letu juu ya mimbari, pamoja na kosa langu la kunyamaza. Wako waliotoka kabla ya sala kuqimiwa, na kijana mmoja niliyempenda sana aliacha kuja darsani mpaka leo. Na siku hizo haikuwa mzaha kusema neno kama hilo; mwezi wa Juni mwaka huo Sheikh Mohammed Idris, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la maimamu na wahubiri, aliuawa kwa risasi Likoni, naye alikuwa akipinga wazi mafundisho ya kumwaga damu. Kisha watu wa darsa tulichanga fedha, tukanunua mbao, na yule fundi seremala aliyeuliza swali lililoanzisha makala haya, wakati huo akiwa bado mwanagenzi, alikuwa katika waliozipiga randa. Wako waliosema kwamba twawajengea Wakristo kanisa. Si hivyo. Mali ya watu iliharibiwa na watoto wetu, na mwenye kuharibu mali ya mtu ana dhamana ya kuilipa, awe mwenye mali ni Mwislamu au si Mwislamu. Hilo ni fikihi, tena fikihi ya mwanzo mwanzo.

Wiki chache baadaye mchungaji wa kanisa lile alikuja kwangu na wazee wake wawili. Akaniambia kwamba katika watu wake walikuwapo waliowataja kwa askari vijana wasiokuwa na kosa lolote, kwa hasira za mabenchi yale, na kwamba yeye alijua akanyamaza. Hatukumwomba aseme hayo. Alisema kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguliwa. Wala simaanishi kwamba mtaa wetu umekuwa pepo. Wako wasiosalimiana mpaka leo. Lakini tangu siku hiyo, ikizuka khabari mbaya usiku, yeye hunipigia simu au mimi humpigia, tukaijua kweli yake kabla haijafika barazani.

Yatupasayo

Ndugu Waislamu, somo bila ya kutenda ni kama taa isiyotiwa mafuta. Basi na tushikeni mambo haya manne.

La kwanza: kila imamu na khatibu alitaje kosa la Waislamu kwa sauti ile ile atajayo kosa waliyofanyiwa Waislamu, na wiki ile ile. Ukiichelewesha kweli miaka miwili, kama nilivyofanya mimi, wako waliokufa wakikungoja.

La pili: tuyaache majina ya dharau. Tunapowaita majirani zetu "makafiri hawa" au "watu wa bara" kwa kuwadunisha, na wao wakatuita magaidi, sote twachimba kaburi moja. Yelwa yalianza kuvunjika sokoni, katika ndimi, kabla ya panga kutolewa.

La tatu: tuizuie khabari mpaka tuihakikishe. Aya ya 6 ya Sura ya Al-Hujurat imetuamrisha kuchunguza khabari ya mpotovu, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Leo mpotovu mmoja mwenye simu aweza kuwafikia watu elfu kumi kabla ya adhana ya Isha.

La nne: palipoharibiwa mali tulipe, na palipofiwa twende tukatoe pole, tusingoje kualikwa. Ashafa hakualikwa hospitalini.

Na asiseme mtu kwamba watu wetu hawawezi. Tarehe 21 Disemba 2015, karibu na Mandera, magaidi waliisimamisha basi wakawaamuru abiria wajitenge, Waislamu upande mmoja na Wakristo upande wa pili, ili wawaue Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake wakawavika wenzao wa Kikristo mitandio yao, na wanaume wakasema wauawe wote au waachwe wote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi siku ile, na mwezi wa Januari 2016 akafariki kwa majeraha yake. Watu wale hawakuwa na mkutano wala karatasi ya kutia sahihi. Waliwatazama waliojiita Waislamu wenzao, wakawaambia mbele ya bunduki kwamba hili ni kosa. Huko ndiko kukiri nilikokukusudia, nao walikutoa kwa thamani ya roho.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mwalimu yule, na azisafishe nyoyo zetu na chuki, na azifungue ndimi zetu kwa kweli ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, na ajaalie baina yetu na wale tuliogombana nao mapenzi, kwani Yeye ni Muweza wa hilo. Amin.